Zawadi ya Kampuni na Kalamu ya Daktari

Katika biashara karibu zote za dunia hii, mnunuzi huchagua mwenyewe. Mvuvi wa Katonga akitaka nyavu mpya huzishika, huzivuta kwa mikono miwili, huuliza bei katika duka hili na lile, kisha hutoa fedha yake kwa hiari. Mama anayenunua dagaa Kibirizi ili awapeleke Tabora kwa gari-moshi hadanganyiki. Waliokaushwa vizuri na walionyeshewa mvua awajua kwa kuwatazama tu.

Mambo hayo yote hugeuka siku anapougua. Mbele ya daktari, anayechagua si yule atakayekunywa dawa, wala si yule atakayeilipia. Daktari huandika cheti, mgonjwa hukipeleka dirishani kwa mfamasia, na kama dawa haipo pale, huenda duka la mjini akatoa alichonacho. Habishanii bei, wala haulizi kwa nini dawa hii na si ile. Ameamini. Kwa hiyo kalamu ya daktari ni amana. Na yeyote mwenye bidhaa ya kuuza ajua kwamba akiipata kalamu moja, amewapata wanunuzi mia.

Leo twataka kuzungumza juu ya amana hiyo, na hasa juu ya vyama vya madaktari na fedha vinazopokea kutoka kwa makampuni ya dawa, ya maziwa ya kopo na ya vinywaji. Hatusemi kwamba daktari wa Maweni ni mla rushwa. Madaktari na wauguzi wa mkoa wetu wafanya kazi ngumu kwa vifaa vichache, na wengi wamekesha na wagonjwa wakati sisi tumelala. Tusemalo ni jingine: chama cha wataalamu kikishaizoea fedha ya mfanyabiashara, hupoteza, hata bila kukusudia, uwezo wa kusema kweli juu ya bidhaa yake, na anayelipa gharama ya ukimya huo ni mgonjwa.

Jambo hili si geni katika pwani yetu ya ziwa. Kila mtoto wa shule ajua kwamba David Livingstone na Henry Stanley walikutana Ujiji mwaka 1871. Walio wachache ndio wajuao habari ya masanduku ya dawa. Livingstone alikuwa daktari, na katika safari zake za Zambezi alitengeneza vidonge vya homa kwa kuchanganya kwinini na dawa za kuendesha tumbo. Mwezi wa Januari 1867 wapagazi waliomtoroka waliondoka na sanduku lake la dawa, na alipofika Ujiji mwezi wa Machi 1869 alikuwa mgonjwa taabani. Alifariki mwaka 1873. Mwaka 1880 Wamarekani wawili, Silas Burroughs na Henry Wellcome, wakaanzisha London kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome, na kampuni hiyo ikauza vidonge kama vile vya Livingstone kwa jina lake: Livingstone Rouser. Jina la daktari aliyeaminiwa na watu likawa chapa ya bidhaa.

Stanley naye alipojiandaa mwaka 1887 kwenda kumtafuta Emin Pasha, kampuni hiyo hiyo ilimpa masanduku tisa yaliyojaa dawa, bila malipo. Mwaka 1890 Stanley alitoa kitabu cha safari ile, In Darkest Africa, na ndani yake akaishukuru kampuni kwa jina, akataja hata mahali ilipo London. Kampuni nayo ikalitumia jina la Stanley katika matangazo yake. Dawa zile huenda zilikuwa njema na ziliponya watu. Lakini yafaa tuone jinsi hesabu ilivyokwenda: masanduku tisa yalitoka kama zawadi, yakarudi kama biashara. Mwenye kutoa hakupata hasara, na aliyepokea hakujiona kuwa ameuza kitu.

Miaka mia moja baada ya Stanley kufika Ujiji, desturi ile ilikuwa imekua ikawa jeshi zima. Mwaka 1978 Daktari John Yudkin, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi Tanzania, aliandika katika jarida la Lancet kwamba makampuni ya dawa yalikuwa na wakala mmoja hapa nchini kwa kila madaktari wanne. Huko Uingereza uwiano ulikuwa wakala mmoja kwa kila madaktari 30. Nchi maskini, yenye madaktari wachache na fedha chache za kigeni, ndiyo iliyozungukwa na wauzaji wengi zaidi. Na wauzaji wale hawakuishi kwa hewa. Mishahara yao, magari yao na vitabu vyao vya rangi vilikuwa ndani ya bei ya dawa, na bei hiyo ililipwa kwa kahawa na pamba ya mkulima.

Yudkin alionyesha pia kwamba dawa za maumivu za jamii ya aminopirini na dipironi, ambazo huweza kuharibu chembe nyeupe za damu na kuua, zilisifiwa kwa madaktari wa Afrika kuwa zafaa kwa maumivu ya kawaida. Marekani iliiondoa dipironi sokoni mwaka 1977. Dawa ni ile ile na mwili wa binadamu ni ule ule. Kilichotofautiana ni maneno ya muuzaji, kwa kadiri ya nguvu ya serikali iliyokuwa ikimsikiliza.

Taifa lilijitetea kwa njia ya busara. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu, kama 200 tu, zilizotajwa kwa majina yao ya asili na si ya chapa. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, Tanzania ilianza kupeleka katika zahanati na vituo vya afya masanduku yenye dawa za namna hiyo. Sanduku lililofika kijijini halikuwa na sifa za kampuni yoyote. Lilikuwa na dawa ya malaria, ya kuhara, ya vidonda na ya minyoo, kwa wingi uliopimwa. Twalitaja hili ili msomaji asidhani kwamba hakuna kinachowezekana. Kiliwezekana, tena wakati wa dhiki.

Basi kwa nini twasema juu ya vyama, na si juu ya daktari mmoja mmoja? Kwa sababu mwenye mali ni mtu wa hesabu. Kumshawishi daktari mmoja mmoja ni kazi ya miaka. Lakini kampuni ikilipia ukumbi wa mkutano mkuu wa chama, ikaweka banda mlangoni, ikagawa mikoba na kalamu, ikawalipia wasemaji nauli na hoteli, ikanunua kurasa za matangazo katika jarida la chama, imewapata wote kwa siku tatu. Tena imewapata kwa heshima. Wakala akigonga mlango wa daktari, daktari ajua kwamba huyu ni muuzaji. Lakini daktari akimsikia profesa wake akisema jukwaani, chini ya nembo ya chama chake, haulizi nani amelipia jukwaa. Na chama ndicho kinachoandika miongozo ya matibabu, ndicho kinachoishauri Wizara, ndicho kinachoulizwa na magazeti kama bidhaa fulani ni salama.

Ushahidi wa nchi nyingine ni mwingi. Chama cha Madaktari cha Marekani, kilichoundwa mwaka 1847, kilikubali mwaka 1997 kutia jina lake juu ya bidhaa za kampuni ya Sunbeam, vikiwemo vipima joto na vipimo vya shinikizo la damu, kwa malipo, na bila kuzipima bidhaa hizo. Wanachama walipopiga kelele, chama kilijitoa. Kampuni ikakishtaki, na mwaka 1998 kikalipa dola milioni 9.9 ili kesi iishe. Fedha hizo hazikutoka mfukoni mwa waliotia sahihi, zilikuwa mali ya chama.

Mwaka 2009 chama cha madaktari wa familia wa nchi hiyo hiyo kilipokea fedha za Coca-Cola ili kiwaelimishe watu juu ya vinywaji na sukari. Hebu fikirini: muuza sukari ndiye aliyegharimia somo la madhara ya sukari. Baadhi ya madaktari wa California walijitoa katika chama kwa hasira, na ushirika ule ulikwisha mwaka 2015. Habari hii yatuhusu sisi pia, maana kisukari na shinikizo la damu si magonjwa ya Wazungu tena, na soda yafika vijiji vya ziwani ambako vidonge havijafika.

Lililo baya kuliko yote ni la dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni. Mwezi wa Februari 2018 taarifa iliyotolewa katika Baraza la Seneti la Marekani ilionyesha kwamba makampuni matano ya dawa hizo yalikuwa yamelipa karibu dola milioni 9, kati ya mwaka 2012 na 2017, kwa vyama na jumuiya 14 zilizoshughulika na maumivu. Kimojawapo kilikuwa Chama cha Maumivu cha Marekani, American Pain Society. Kwa miaka mingi vyama kama hivyo viliwahimiza madaktari wasiogope kuandika dawa zile. Watu wakazoea dawa, wakafa kwa maelfu mwaka baada ya mwaka. Chama kile kilishtakiwa mahakamani, na mwaka 2019 kikavunjwa. Kilianza kikiwa na nia njema, maana kumwondolea mtu maumivu ni kazi ya huruma. Nia njema haikukiokoa.

Sasa turudi ziwani, kwa jambo linalomgusa kila mama. Maziwa ya mama hayana gharama, hayahitaji moto wala chupa, na humkinga mtoto na maradhi. Maziwa ya unga yahitaji maji safi, kuni au mafuta ya kuchemshia, na fedha kila wiki. Pwani yetu yajua maana ya maji machafu. Mwezi wa Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walijaa kwa maelfu katika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kikazuka, na meli ya Liemba ikawavusha kwa makundi hadi Kigoma. Katika hali kama ile, mtoto aliyekuwa kifuani mwa mama yake alikuwa na ngome. Mtoto wa chupa alikuwa akipewa ugonjwa pamoja na chakula.

Kwa miaka mingi makampuni ya maziwa yalipita mlango wa hospitali. Katika nchi kadhaa za Afrika na Asia yaliwavalisha wauzaji wao mavazi ya wauguzi, yakaacha makopo ya bure wodini, na mama akirudi kwake maziwa yake mwenyewe yamekwisha kukauka. Tarehe 21 Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia ulipitisha Kanuni ya Kimataifa juu ya biashara hiyo kwa kura 118. Marekani peke yake ilikataa, na nchi tatu hazikupiga kura upande wowote. Kanuni ile yasema wazi kwamba watumishi wa afya wasipewe fedha wala vitu vya kuwashawishi, nao wasivipokee. Tanzania iliweka kanuni zake mwaka 1994, ikazitengeneza upya mwaka 2013. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012.

Mlango wa wodi ulipofungwa, makampuni yakapita mlango wa vyama: mikutano ya madaktari wa watoto, semina za lishe, nauli za wataalamu. Ndiyo sababu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo uliopokelewa na mkutano wake mkuu, lilieleza kwamba makampuni ya vyakula vya watoto wachanga hayafai kudhamini mikutano ya wataalamu wa afya.

Huko Uingereza mwaka huo huo wanachama wa Chuo cha Kifalme cha madaktari wa watoto walipiga kura katika mkutano wao mkuu kuzikataa fedha za makampuni ya maziwa. Wakubwa wa chuo hawakukubali mara moja; waliendelea kuzipokea kwa masharti. Hata mwezi wa Februari 2019, baada ya kushindana kwa miaka karibu mitatu, chuo kikatangaza kwamba hakitazipokea tena. Wanachama wa kawaida ndio walioanza, viongozi wakafuata nyuma.

Twajua jibu litakalotolewa. Daktari atasema: mimi ni mtu mzima niliyesoma, sinunuliwi kwa kalamu na sahani ya pilau. Twaamini kwamba asema kwa moyo safi. Lakini mwaka 2016 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani la tiba ya ndani lilitoa uchunguzi wa madaktari wapatao 280,000. Ilionekana kwamba waliopokea hata mlo mmoja tu, wa thamani ya chini ya dola 20, waliiandika zaidi dawa ya kampuni iliyowalisha kuliko wenzao wasiolishwa. Na kadiri milo ilivyoongezeka ndivyo kuandika kulivyoongezeka. Waswahili hawakuhitaji uchunguzi huo. Wamesema tangu zamani kwamba mkono mtupu haulambwi. Makampuni yajua hayo kuliko sisi. Kama zawadi haikuwa na faida, yangekwisha kuacha kuitoa.

Lakini liko jibu la pili, na hili ni zito. Sheria ya taaluma yamtaka daktari aendelee kujifunza ili leseni yake ihuishwe. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Nauli, malazi na ada ya mkutano ni mzigo kwa daktari kijana wa Kasulu au Uvinza. Kampuni ikisema, njoo, tutalipa, nani mwingine amesema hivyo? Anayemkataza mtu mkate mchafu bila kumwonyesha mkate safi hajamsaidia. Chama nacho kina hoja: ukumbi ni ghali, jarida ni ghali, na ada za wanachama hazitoshi.

Ni kweli hazitoshi. Lakini wafanyakazi wa nchi hii wajua jambo moja kuhusu ada. Chama cha wafanyakazi kinacholipiwa pango la ofisi na mwajiri hakiwezi kugombea mshahara siku ya kugombea. Hakuna anayekiambia kinyamaze; hunyamaza chenyewe. Ndiyo maana makuli wa bandarini na watumishi wa reli walitoa senti zao wenyewe kuendesha vyama vyao, ingawa zilikuwa chache na ziliuma kutolewa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi miiko kwa fikira hiyo hiyo: wasiwe na hisa katika kampuni yoyote, wasiwe wakurugenzi wa makampuni ya kibepari, wasipokee mishahara miwili wala kupangisha nyumba. Haikudaiwa kwamba kila mwenye hisa ni mwizi. Ilijulikana kwamba mtu mwenye maslahi pande mbili huegemea upande mmoja, na aghalabu si upande wa mnyonge. Miiko ile ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na hatuandiki hapa kuigombania. Twasema tu kwamba maana yake yatufaa katika wodi kama ilivyotufaa katika ofisi.

Yatupasa basi kudai nini? Kwanza, chama cha wataalamu kiendeshwe kwa ada za wanachama, na mkutano wake ulingane na mfuko wake. Mkutano wa siku mbili katika ukumbi wa shule, wenye kweli ndani yake, wafaa kuliko wa siku nne hotelini wenye mabango ukutani. Pili, Serikali na waajiri walipie masomo ya kudumu ya daktari, hasa wa mikoa ya mbali, kama wanavyolipia mafuta ya gari la wagonjwa. Fedha tusiyotaka kuitoa mbele, tutaitoa nyuma ndani ya bei ya dawa. Tatu, kila senti ambayo kampuni yampa daktari au chama iandikwe mahali ambapo kila raia aweza kusoma. Marekani ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2010, na hesabu za malipo hutangazwa kwa jina. Nne, yeyote anayekaa katika kamati ya kuchagua dawa za Taifa au kuandika mwongozo wa matibabu aeleze kwanza anapokea nini na kwa nani. Aliye na maslahi atoke chumbani. Tano, jina la chama lisiuzwe kwa bidhaa yoyote, iwe maziwa, dawa ya meno au maji ya chupa.

Nasi wagonjwa tunayo sehemu yetu. Si utovu wa adabu kumwuliza daktari, kwa heshima: je, dawa hii ina nyingine ya namna ile ile, yenye jina la asili na bei nafuu? Daktari mwema hatachukia. Mama akipewa kopo la bure, na aulize limetoka kwa nani.

Ndugu madaktari, watu wa ziwa hili wanapowapa miili yao hawana mizani ya kuwapimia. Wamewaamini kama abiria anavyomwamini nahodha usiku, pwani haionekani. Nahodha hana haki ya kupokea ujira wa mwenye mawe. Chama chenu ni chenu. Kilipieni wenyewe, na sisi raia tuidai Serikali iwasaidie, ili siku mtakapotuambia kwamba kitu hiki ni kizuri na kile kina madhara, pasiwe na mtu wa kuuliza nani aliyewalipa mseme hivyo.